Mama Mkwe wa Jiko Baridi

Sogeeni karibu na makaa, wajukuu zangu, na aliye na chakula mkononi akiweke chini kwanza, maana haya si maneno ya kutafunia. Mwenye tumbo jepesi na atangulie kulala. Sitaki kuja kufua blanketi za mtu kesho.

Jambo lenyewe lilianza na kitu kidogo. Uji ulikuja wa moto, na jiko halikutoa moshi.

Oguttu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, kule ufuoni upande wa Majanji, blanketi mabegani, miguu ameikunja kama kuku. Mwezi wa saba ulikuwa. Ninyi wa mjini Busia mnadhani baridi ni kitu cha watu wa milimani. Nendeni ziwani mwezi wa saba mkaone. Upepo unatoka majini umelowa, unapita chini ya mlango, unalala na wewe kitandani kama mke wa pili. Ukungu unakaa hadi mchana, jua halionekani, nguo hazikauki, chumvi inageuka maji kwenye kopo.

Na Oguttu kazi yake ilikuwa mukene, wale samaki wadogo ambao wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanawaita omena. Mukene bila jua ni hasara. Alikuwa amewaanika juu ya nyavu, wakalainika, wakawa njano, wakashikana kama makohozi, halafu wakaanza kutikisika tena ingawa walikuwa wamekufa zamani. Funza hao. Ufuo mzima ulinuka hivyo, kila nyumba, na harufu hiyo ndiyo iliyomfanya asisikie harufu nyingine.

Basi binti yake Sandra, mtoto wa miaka minne, akaja kutoka jikoni ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Baba, nyanya amesema kunywa."

Akanywa. Uji ulikuwa na joto. Lakini si joto la moto, lile la kuunguza ulimi ukapuliza kwanza. Lilikuwa joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Oguttu akatazama paa la jiko. Nyasi zilikuwa zimelowa, kuku wamejikunyata chini ya upenu, na hakukuwa na uzi hata mmoja wa moshi. Akafikiri, labda mama mkwe ametumia mkaa. Halafu akakumbuka kwamba mkaa uliisha tangu mke wake alipoondoka.

Akamaliza uji. Chakula cha mama mkwe hakirudishwi.

Hapo nisimame niwaeleze, maana watoto wa siku hizi hamjui adabu ya ukwe. Kwetu sisi, Wasamia na Wateso na Wajopadhola, mama mkwe hatazamwi usoni. Mkwe wake hamshiki mkono, hali mbele yake, hataji jina lake hata akiwa amelewa. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Akija kusaidia mzazi, analala jikoni. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Mkwe ni kama jua la saa sita. Linakupa mwanga, hulikodolei macho."

Oguttu alikuwa kijana wa adabu. Angekuwa mhuni kidogo, pengine yasingemfika.

Mke wake, Amulen, Mteso wa Osukuru kule Tororo, alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Wakampeleka hospitali ya Masafu, akapasuliwa, akazaa salama mtoto wa kiume, akaambiwa abaki kitandani mpaka kidonda kishike. Dada yake Oguttu akabaki naye kumtunza. Oguttu akarudi nyumbani kumlea Sandra na kuokoa samaki wasiookoleka.

Jioni aliyorudi alishuka majini kuosha nyavu. Manyunyu yanamdondokea shingoni, mikono imeganda, mtoto analia njaa nyumbani. Akachoka, wajukuu zangu. Mtu akichoka anaita mama. Na mama yake mwenyewe alikwisha kufa. Akasimama pale, maji yamemfika magotini, akasema kwa sauti, "Mama mkwe, laiti ungekuja. Njoo, mama. Mkwe wako nakuita."

Mtu mwingine angetaja jina. Yeye hakuweza, adabu ilimziba mdomo. Na wavuvi wa zamani wa ufuo ule walituambia tangu tukiwa wadogo: kwenye maji usimwite mtu bila jina, kwa sababu asiye na jina ataitika.

Asubuhi alikuwa amefika.

Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mwanamke mnene kiasi, shuka imemfunika kichwa mpaka magotini, upindo ameubana ndani kwa mdomo. Oguttu alipoona shuka ile, macho yake yakaanguka chini yenyewe. Akageuka, akaelekea ukuta, kama inavyotakiwa.

"Yoga, mama," akamwamkia kwa Kiteso. "Umefika salama?"

"Salama," sauti ikajibu nyuma yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayesukutua maji kooni.

"Mvua imekunyeshea njiani, mama?"

"Njiani, mama."

Akadhani ni uchovu, au meno yanamuuma kwa baridi. Kitu pekee alichokiona ni miguu yake, maana mkwe huona miguu. Ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana, kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

Alifurahi, msimlaumu. Simu yake ilibaki na chaji ndogo sana, akampigia dada yake kule hospitali. "Mwambie Amulen mama amefika!" Akasikia mke wake akicheka kitandani, halafu akiguna kwa sababu ya mshono. "Mama? Na magoti yake hayo, kwenye baridi hii? Mungu ambariki." Kisha simu ikazima. Na ya dada yake ikazima. Sola za kijiji kizima zilikuwa zimelala, zinangoja jua kama mukene. Amulen akajaribu kumpata mama yake kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili, haikupatikana. Hakushangaa. Mama si yuko nyumbani kwangu, akawaza, na simu yake imezima kama zetu.

Basi siku zikapita, ukungu juu ya ukungu. Mwanamke alikaa jikoni, na mlango ukafungwa. Oguttu akawa anasikia sauti zake kupitia ukuta wa udongo: kitu kinaburutwa, kimelowa, kitu kinafyonzwa, taratibu, kwa utamu, kama mtu anayenyonya ubongo wa kichwa cha samaki. Chakula kililetwa na Sandra. Posho, yaani ugali, na uji, na mboga, vyote vya joto lile lile la mwili. Siku moja alimega posho, likavutika uzi mrefu, mwororo, unang'aa, kutoka sahanini mpaka kidoleni. Akaukata kwa kisu. Akajiambia ni bamia. Nyumbani kwake hakukuwa na bamia.

Akala.

Sasa jirani yake alikuwa mwanamke mmoja wa Kiislamu, Fauziya, mama Nasrudin, ambaye mume wake anasafirisha mizigo kwa boti. Fauziya ni mtu wa mdomo mrefu na moyo mweupe. Aliona jiko la jirani halitoi moshi, akasema moyoni, yule mama wa watu atakufa kwa baridi. Akachukua makaa yaliyokolea kwenye kigae, akafunika kwa majani ya mgomba, akavuka uani.

"Hodi, mama! Nimekuletea moto."

"Moto," sauti ikasema ndani.

Akasukuma mlango kwa goti. Harufu ikamgonga kama mkono. Si ya mukene. Fauziya amezaliwa kwenye mukene, hawamtishi. Hii ilikuwa harufu ya mdomo. Mdomo wa mtu mgonjwa wa siku nyingi, asiyesukutua, mkubwa kama chumba, na yeye Fauziya amesimama ndani yake. Sakafu ilikuwa na maji, maji mazito yanayonata kwenye ndala. Mafiga yalikuwa baridi, na juu ya majivu kulikuwa na utando kama ule wa njia ya konokono. Na yule mama alikuwa pembeni, amejibandika ukutani, shuka mpaka magotini. Makaa yalipokaribia akasogea bila kuinua miguu, akateleza tu.

"Usiogope, mama, ni makaa."

Kitu kikaruka kutoka chini ya shuka, pwaa, kikatua juu ya kigae. Mate. Mate ya kujaza kikombe. Makaa yakazima yote mara moja.

Fauziya alitoka kinyumenyume. Akamkuta Oguttu kwenye nyavu anachambua samaki wasiochambulika.

"Baba Sandra, mgeni wako ni nani?"

"Mama Nasrudin, ni mkwe wangu. Si unajua."

"Umemwona uso?"

Oguttu akakasirika. "Unaniuliza maneno gani hayo? Wewe kwenu mnawaona wakwe zenu uso?"

"Kwetu tunawashika mkono na kuwapikia pilau. Ndiyo maana wa kwetu tunajua kama ni watu."

"Ni mama mzee, mgonjwa, amekuja kwa mvua. Usimseme."

"Mimi nimenyamaza," akasema Fauziya. "Ila ndala zangu nimezitupa chooni."

Alasiri ile Sandra alikaa karibu na baba yake anachezea vifuniko vya soda. Ilikuwa saa kumi lakini giza kama la magharibi, mawingu yamegusa maji. Oguttu akamwona mtoto ana kitu kwenye kidevu, utelezi umekauka. Akaupangusa kwa kidole.

"Nani amekulisha?"

"Nyanya."

"Sandra, nyanya anapasha uji na nini, kama moto hakuna?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa maji huchotwa wapi. "Na mdomo."

"Na mdomo vipi?"

"Anaweka wote mdomoni. Anafunga. Anatingisha hivi." Mtoto akavimbisha mashavu, akatikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba. "Anangoja. Halafu anarudisha kwa bakuli lako. Wa baba kwanza, halafu wa Sandra."

Oguttu alisimama, akakimbia nyuma ya nyumba, akashika mgomba kwa mikono miwili, na vitu vikatoka, uji wa juzi na posho la jana na vingine asivyokumbuka kuvila, kijivu, vizito, vya joto, vikitoka tena na tena mpaka akapiga magoti kwenye matope. Na alipofungua macho, machozi yanamtiririka, akaona katikati ya matapishi yake mwenyewe mukene wadogo, wazima, wanarukaruka.

Sandra alikuwa amemfuata. "Baba, usiwakanyage," akanong'ona. "Nyanya atakasirika."

"Nyanya amekuambia nini kingine? Niambie, mwanangu."

"Anasema mtoto mdogo akija, yeye ndiye atamwogesha."

Hilo kwetu si jambo geni. Mtoto akiletwa nyumbani, nyanya mzaa mama humpokea mlangoni na kumwogesha maji ya kwanza. Ndiyo heshima yake, ndiyo aliyoifuata. Lakini Oguttu aliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake:

"Atamwogesha na nini?"

Sandra akatoa ulimi wake nje, mrefu alivyoweza, akaupitisha hewani polepole, kutoka chini kwenda juu.

Alimbeba mtoto mpaka kwa Fauziya, akamwambia yote. Fauziya hakusema nilikuambia. Alimfungia Sandra ndani na watoto wake, akatoka uani, akazungumza kwa sauti ya chini, jicho kwenye lile jiko.

"Hilo ni jini la maji. Limevaa mtu asiyetazamwa, kwa sababu humo ndimo hutalitafuta. Mimi siwezi kulitoa, wala shehe hawezi, maana hatukuliita sisi. Uliliita wewe, bila jina. Lifunue uso, ulitajie jina la huyo linayejifanya kuwa. Kama ni mama mkwe wako, ataitika. Kama si yeye, halitakuwa na pa kusimama."

"Jina lake?" Oguttu akashika kichwa. "Nimtaje mama mkwe jina? Nimvue shuka? Mama Nasrudin, na kama ni yeye? Mzee, baridi imemwingia kichwani, akili zimeruka, na mimi nimemvua kichwa uani kwangu? Ukoo wote wa Osukuru watanitemea mate. Amulen ataondoka na watoto."

"Kama ni yeye utachinja mbuzi, utaomba msamaha, watakusamehe au hawatakusamehe. Kama si yeye na hukumfunua, utachimba kaburi dogo."

Akarudi kwake. Akasimama mbele ya mlango wa jiko. Alinyanyua mkono kusukuma, na mkono ukashuka. Ndani alisikia kitu kinajongea kuja mlangoni, kikakaa upande wa pili wa mbao, karibu kabisa, na pumzi yenye joto ikapenya kwenye nyufa ikamlowesha tumbo la shati.

"Mkwe," sauti ikasema. Mbele ya mtu mzima, hiyo ndiyo mara ya kwanza iliposema neno lake yenyewe.

Macho yake yakaanguka chini. Adabu ya miaka yote, wajukuu zangu, adabu ya baba yake na babu yake, ilimshika shingo ikamwinamisha. Akaiona ile miguu kwenye uwazi chini ya mlango, nyeupe, imekunjamana, ingawa haikutoka nje kwenye mvua tangu siku ile. Akageuka akaenda zake. Akapanga hivi: Amulen akirudi, nitamwahi njiani nimwambie, yeye ni binti, yeye ana haki ya kumtazama mama yake. Ndivyo alivyojituliza. Akakesha mlangoni kwake amekumbatia panga.

Lakini asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata barabara haikuonekana, na kitu cha kwanza alichosikia ni honi ya gari tayari uani.

Lilikuwa gari la spesho, la kukodi, na ndani yake Paddy, kaka yake Amulen, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbolea na kulala huko huko kambini. Alikuwa hajafika kwa mama yake wiki nzima. Alipita Masafu kumwona dada yake, akakuta ameruhusiwa, akakodi gari wakaja. Amulen alishuka ameinama, mkono mmoja kwenye mshono, mkono mwingine umebeba mtoto ndani ya shali. Alikuwa amekonda na anatabasamu.

"Mama yuko wapi? Mama! Njoo umwone mjukuu wako!"

Na mlango wa jiko ulikuwa tayari wazi.

Lilitoka likiteleza, upindo wa shuka unaburuta, likaacha nyuma yake njia inayong'aa kwenye matope, na mikono ikachomoza mbele, mikono miwili iliyonyooka kupokea, na Paddy akarudi hatua moja kwa heshima, na dereva akavua kofia, na Amulen, ambaye hakuwa amemwona mama yake tangu mwaka jana, ambaye alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali akiota siku hii, akafunua shali, akamnyanyua mtoto, mwekundu, mdogo, amelala, akamsogeza mbele, na chini ya shuka yale mashavu yakaanza kwenda, taratibu, huku na huku, kama yalivyokwenda mashavu ya Sandra alipokuwa akionyesha, na Oguttu akajua kwamba mdomo ule umejaa, umepashwa tayari, unangoja.

Akaruka. Akashika shuka kwa mikono yote miwili.

"Shemeji!" Paddy akapiga kelele. "Una wazimu? Unamvua mama yetu nguo?" Akamkamata shingo, akampiga ngumi ya mgongo, na Amulen analia, "Baba Sandra, unanifanyia nini? Ni mama! Ni mama!"

Oguttu hakuachia. Alinyanyua uso wake, mara ya kwanza maishani mwake kumwelekezea mama mkwe uso, akasema jina ambalo mdomo wake haukuwahi kulibeba.

"Adeke! Wewe ni Adeke wa Osukuru? Kama ni wewe, itika!"



"Itika," sauti ikasema.

Na shuka ikatoka.

Hakukuwa na pua. Hakukuwa na nywele. Kulikuwa na ngozi nyeupe, laini, ya tumbo la kambare, imekunjamana kwa maji, na macho mawili madogo yenye utando, yamewekwa mbali mbali kama yaliyosahauliwa. Na kutoka upande huu mpaka upande ule mdomo, mdomo mtupu usio na meno, umefumbwa, umevimba, unavuja pembeni uji wa kijivu. Ulifunguka. Ulimwaga vyote ulivyohifadhi, uji na matumbo ya samaki na ruba wanaojipinda na unywele mrefu wa mtu ambaye hatumjui, vikamtiririkia Oguttu kifuani, vya joto, vya joto la kiti alichoinuka mtu, na bado mikono ilikuwa imenyooka kwa mtoto.

Paddy alimwachia Oguttu. Mwanamume yule, wa kubeba magunia ya mbolea, alikaa chini matopeni akatapika miguuni pake. Dereva alikuwa ameshapanda gari lake. Amulen alirudi nyuma, mshono unafunguka, mtoto amembana kifuani.

"Si Adeke!" Oguttu akapiga kelele. "Si Adeke! Sikukuita wewe! Huna jina kwangu!"

Na Fauziya akaja mbio kutoka kwake na sufuria ya makaa, mtandio umemwanguka, anasoma Ayatul-Kursi kwa sauti ya kugombeza kama anayefukuza mbuzi shambani, akamwagia yote. Kukalia chwaa, moshi ukapanda, na harufu ile nisiisimulie, maana hata yeye mpaka leo hali nyama ya kukaanga. Lile jitu lilikosa pa kusimama. Liliporomoka kutoka ndani, mabega yakaingia kiunoni, kiuno kikaingia miguuni, likawa ute tu, ute unaotambaa, ukapita chini ya nyavu, ukapita juu ya samaki waliooza, ukafika majini ukaingia. Maji yalitoa povu la kijivu, kisha yakatulia.

Jiko walilichoma moto siku hiyo hiyo, ingawa lililowa na lilikataa kuwaka mpaka wakamimina mafuta ya taa. Sandra alipewa dawa ya kutapisha, na alivyotoa sitavitaja.

Paddy alipanda boda mpaka Osukuru. Akamkuta mama yake amekaa kwenye moto wake, magoti yamevimba, simu yake imezima juu ya kabati, hajatoka nyumbani tangu baridi ianze. Alipoelezwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kujifunika uso. "Ametaja jina langu? Mbele ya watu?" Wazee wa pande mbili wakakaa. Wengine walisema kijana apongezwe, wengine walisema mwiko ni mwiko. Mwisho mzee mmoja akasema, "Amekosa, na amefanya vyema. Kwa kufanya vyema tumshukuru, kwa kukosa alete mbuzi." Akaleta mbuzi.

Mwezi wa tisa jua likarudi. Mukene walikauka wakawa fedha tupu, simu zikajaa chaji, watoto wakacheza uchi ufuoni. Na Adeke akaja kumwona mjukuu wake, safari hii kweli, na Paddy amemshika mkono kwa sababu ya magoti. Alisimama penye ua, kama adabu inavyosema, shuka imemfunika kichwa, akangoja kupokelewa.

Hakuna aliyekwenda. Oguttu alisimama kizingitini. Amulen alisimama nyuma yake na mtoto. Sandra alikimbilia kwa Fauziya.

Adeke alielewa. Akafanya jambo ambalo mama yangu angelisikia angefufuka kulikataa. Akashika shuka yake mwenyewe, akaishusha mabegani, akabaki kichwa wazi mbele ya mkwe wake, mvi zake, makunyanzi yake, meno mawili ya mbele hayapo, machozi ya aibu yanashuka.

"Mkwe wangu, nitazame," akasema. "Mimi ndiye Adeke. Nitazame mpaka ushibe."

Oguttu akamtazama. Akapiga magoti, akaweka kipaji cha uso ardhini. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe zamani. Ulimwokoa huyo." Akaugeukia mlango, akanyoosha mikono yake miwili iliyopinda kwa kulima. "Binti yangu, nipe sasa mjukuu wangu nimwogeshe."

Amulen alimjua. Alijua kovu la panga kwenye kidole gumba, alijua sauti iliyomwimbia tangu mgongoni. Akatembea mpaka uani kwa furaha, akafika mbele ya mama yake, karibu kabisa, wakitazamana. Akataka kumtoa mtoto. Mikono ikakataa. Kadiri alivyotaka kuifungua, ndivyo ilivyozidi kukaza, mpaka mtoto akaamka, akalia, na Amulen naye akalia, akirudia, "Mama, nataka. Mama, nataka, lakini haifunguki."

Na yule mama wa watu akabaki pale juani, uso wazi, amenyoosha mikono mitupu.